Salma, usilipe kwanza

Ngamiani, Tanga
Ijumaa usiku

Shoga yangu Salma,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mama naye hajambo, mguu ndio ule ule, mvua imetukatia umeme tangu magharibi na simu yangu haina chaji ya kutosha maneno mengi. Mengine baadaye. Picha zako za dukani nimeziona, nami naogopa utafika kwa mwenye duka kabla hujanisoma. Usilipe kwanza!

Unanitumia picha za paketi nne za karata halafu unauliza "ipi?", kana kwamba nimeagiza khanga. Haya, tuanze na zile za malaika zilizokupendeza wewe. Hizo si taroti, zile karata za picha za kutabiria nizitakazo mimi. Taroti kamili ni karata 78: kubwa 22, ndio akina Mpumbavu, Mwezi, Kifo na Jua, na ndogo 56 zenye mafungu manne. Za malaika kila mtunzi anajipangia idadi yake na maana zake, kwa hiyo ukishazijua hizo, ukipewa nyingine unaanza upya. Ziache hapo hapo.

Hizo 56 wala hazinitishi. Sisi tumekulia barazani kwa babu yako, karata tumezijua kabla ya kusoma. Vikombe ndio kopa, panga ndio shupaza, fimbo ndio pau, sarafu ndio uru. Kila fungu lina karata 14 badala ya 13 kwa sababu kuna mpanda farasi kaongezwa pale kati ya kijana na malkia. Na zenyewe zilianza kama mchezo tu, Italia ya kaskazini, karne ya 15. Wafaransa mpaka leo wanazicheza, wanahesabiana pointi na kugombana kama kawaida ya wacheza karata. Mambo ya kutabiria yalishika kasi karne ya 18. Hiyo nimeihifadhi kwa ajili ya mama.

Mama unamjua. Siku aliyoiona Kifo kwenye simu yangu, mifupa mitupu imevaa chuma, imepanda farasi mweupe, alisoma kila aya anayoijua, kisha akaniuliza kama nataka kufungua kilinge. "Utawapigia watu ramli chonganishi, polisi wakufuate hapa hapa kwangu." Nikamwambia nataka za kuandikia hadithi: navuta karata moja, naitazama, naanza kuandika. Ni kweli. Yaani sehemu kubwa ni kweli. Tangu Kassim aende zake Mtwara mimi... tuyaache hayo.

Sasa zile tatu zilizobaki. Ya Marseille ni nzuri na ya asili, lakini karata zake ndogo hazina tukio lolote. Nane ya vikombe ni vikombe vinane vimepangwa na maua katikati, basi. Mimi ninayeanza nitaikodolea macho mpaka lini? Ile nyeusi ya Thoth ndiyo kabisa. Alibuni Aleister Crowley, akachora Frieda Harris kati ya 1938 na 1943, na paketi ikaja kuchapishwa 1969 wote wawili wameshakufa. Rangi zake, ee! Lakini imejaa nyota na Kabala, yale mafumbo ya Kiyahudi, kila pembe, na majina mengine kayageuza. Nguvu kaiita Ashiki. Nikiiacha mezani mama akasoma hilo, nahama nyumba.

Nichukulie ile ya njano, ile ile unayoiona kila mahali. Najua utasema ni ya kila mtu. Ndiyo, na kuna sababu. Ilitoka London mwaka 1909. Arthur Waite ndiye aliyetoa maelekezo, Pamela Colman Smith akachora, na huyu mama hata karata ndogo alizitia watu na matukio. Nane ya vikombe yake: mtu kakupa mgongo, kavaa joho jekundu, fimbo mkononi, anapanda mlimani usiku. Nyuma kaacha vikombe, vitano chini na vitatu juu, na ile safu ya juu ina pengo. Mwezi unamwangalia. Hakuna haja ya kuambiwa maana. Mimi niliikuta kwenye programu ya simu, nikashindwa kuifunga. Umeshajua nilimwona nani.

Na huyo Pamela, Salma, alilipwa kiduchu, halafu jina lililovuma likawa Rider, yule mchapishaji, na Waite. Lake likakaa nje miaka na miaka. Alichobaki nacho ni sahihi yake, viherufi vimesokotana chini pembeni mwa karata. Zikuze picha utaiona. Utotoni aliishi Jamaika, na ngano za kule za Anansi, yule buibui mjanja, ndizo alizokuja kuzichapisha 1899. Fundi Mwajuma asingekubali dhuluma hiyo, huyo hata gauni la kupunguza kiuno anashonea jina. Kwa hiyo ukiona toleo lenye jina la Smith juu ya boksi, chukua hilo hata likizidi bei kidogo.

Usichukue za kikopo. Ni ndogo, na picha ndizo ninazozitaka. Za kawaida zina kama sentimita 7 kwa 12. Vidole vyangu vifupi, nitajizoesha kuzichanganya. Kingo za dhahabu sitaki. Hakikisha ndani mna kijitabu cha karatasi, maana za kughushi mara nyingi badala yake wanakuwekea msimbo wa QR wa kupiga picha kwa simu.

Zubeda kasikia eti karata za kwanza mtu hajinunulii, lazima apewe zawadi. Uzushi. Ila kwa kuwa hela bado sijakutumia, naweza kuanza kuamini.

Haya, unatua lini hasa? Utalala Dar au unaunganisha basi siku hiyo hiyo? Mchango wa harusi ya Rukia umeshatuma, au ndio unanisubiri mimi nikuaibishe kwenye kikao? Mzigo una nafasi ya dawa ya kuchua mguu wa mama? Na akikuuliza kwenye boksi kuna nini, utamjibuje?

Mwenzako,
Mwanahamisi