Manati kwenye majaruba ya chumvi

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwamba anayetaka kuona ndege afunge safari mpaka Manyara au Natron, maana huku Kusini tuna korosho na pweza tu. Pweza tunao, sikatai. Ila namkaribisha Lindi mwezi wa Januari, kwenye majaruba ya chumvi ya upande wa Mto Lukuledi, ambako nimekwangua chumvi tangu usichana wangu.

Januari kwetu hakuna kazi. Mvua zinanyesha, majaruba yamejaa maji baridi, wenzangu wako mashambani, kabaki mlinzi na kibanda chake. Huko Ulaya na Siberia ardhi imeganda, hakuna mdudu wala konokono wa kudonoa, kwa hiyo ndege wa huko wanakula kwetu. Huanza kuingia Septemba na wengi huondoka Aprili.

Lakini asije siku yoyote tu. Maji yakiwa yametoka, ndege wametawanyika topeni kule mbali, ataambulia vidoa. Angoje bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ijae mnamo saa kumi jioni. Tope likishafunikwa wanahamia kwenye matuta yetu, makundi kwa makundi, wote wakielekeza midomo kwenye upepo. Maji yakianza kupwa, amtazame sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Akimchomoa kaa shimoni humkung'uta mpaka miguu ikatike, akamsuuza, ndipo akammeza. Sijaona ndege nadhifu kama huyo. Chamchanga ni wadogo zaidi. Yuko mmoja anayezaliana Siberia, uzito wake gramu 60 hivi, na ikikaribia Aprili kifua chake hugeuka rangi ya tofali.

Sasa, Januari hiyohiyo vijana nao hawana kazi, na manati wanazo. Jaruba moja nililifahamu, mlinzi mwenyewe ndiye aliyewafungulia njia, mradi apate wa kuchoma. Nyama ya chamchanga haijazi kijiko! Na hata jiwe likikosa, kundi zima limeruka, linapoteza mafuta liliyoyaweka kwa ajili ya safari. Sululu atatua juu ya mikoko. Hawa wadogo wanataka mahali peupe, na saa ya bamvua mahali peupe ni kwenye matuta tu.

Naomba wenye majaruba wawaambie walinzi wao. Tena wakikarabati matuta wasimwage maji yote kwa pamoja, wabakize jaruba moja mpaka Aprili.

Na walimu wetu, kila Januari ndege wa maji huhesabiwa duniani, tangu 1967. Darubini moja darasa zima linaweza kupokezana. Watoto wakae mbali na tuta, na wasije na makubazi, yatabaki kwenye tope.

Mama wa Majaruba,
Lindi