Trojani Iliyorudi Baada ya Siku Kumi na Mbili

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alisimama kwenye kaunta, wateja wengine wakiwa wamejaa, akatangaza kwamba tulikula shilingi elfu hamsini zake na kumrudishia kompyuta ikiwa na virusi vilevile. Hatukubishana naye. Tuliiwasha mashine mbele ya macho yake na kufungua kumbukumbu za Windows, ambazo zilionyesha kwamba siku ya kumi na mbili tangu aichukue dukani, saa tatu usiku, kuna mtu alizima kinga ya mashine kwa mkono wake. Dakika nne baadaye faili geni lilikuwa limejiweka ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huhifadhi data zake. Mteja alikiri kwamba usiku ule alikuwa akiweka kreki ya programu ya uhasibu, yaani kifaili cha kuvunja leseni ili programu itumike bila kulipiwa, kutoka kwenye flashi, na maelekezo ya kreki yenyewe ndiyo yaliyomwambia azime kinga kwanza.

Kwa kuwa lalamiko la namna hii hatupitishi mwezi bila kulisikia, tumeona ni vema tueleze kwa maandishi kazi yetu ya kusafisha kompyuta zilizoingiwa na trojani na programu nyingine haribifu, pamoja na sababu ya bei tunayotoza.

Wateja wengi huita kila kitu virusi, nasi dukani huwa hatuwasahihishi, lakini hapa tofauti ina maana. Kirusi hujinakili chenyewe kutoka faili moja kwenda jingine, ilhali trojani haijinakili. Inasubiri mwenye kompyuta aipokee, kama watu wa Troya walivyomwingiza mjini farasi wa mbao aliyejaa askari. Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1989 disketi zipatazo 20,000 zilisambazwa kwa posta zikidaiwa kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Aliyeiweka disketi hiyo aliendelea kutumia kompyuta yake bila tatizo hadi alipoiwasha kwa mara ya tisini hivi, ndipo majina ya mafaili yalipovurugwa na akatakiwa kutuma dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Kwa hiyo mteja anayetuambia kwamba kompyuta "ilikuwa nzima kabisa wiki nzima" hajathibitisha lolote kuhusu siku trojani ilipoingia.

Vilevile, kompyuta kuwa nzito si ushahidi wa trojani. Mashine nyingi zinazoletwa kwetu kwa tuhuma hiyo zina diski inayokufa au RAM ndogo, na mwenye mashine kama hiyo tunamwambia ukweli badala ya kumtoza pesa ya kusafisha kisichokuwepo. Tunachokitilia shaka ni kinga ya Windows inayokataa kuwaka, au inayodai kwamba inasimamiwa na msimamizi wakati kompyuta ni ya mtu binafsi na haina msimamizi yeyote. Feni inayovuma wakati hakuna programu iliyofunguliwa, kisha ikanyamaza mara tu unapofungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Na zaidi ya yote, orodha ya mambo ambayo kinga imeagizwa isiyakague. Tumewahi kukuta diski C nzima, yaani sehemu ya diski iliyo na Windows yenyewe, imeandikwa kwenye orodha hiyo. Mlinzi yupo getini, ila ameambiwa asiangalie ndani ya uzio.

Zipo pia zisizoonyesha dalili yoyote. Dada mmoja mhasibu alipokea kwa barua pepe faili lililoonekana kuwa risiti ya malipo ya PDF, kumbe jina lake kamili liliishia na .exe, sehemu ambayo Windows huificha isipokuwa ukiiamuru iionyeshe. Alilibofya, hakuna kilichofunguka. Akalibofya tena mara tatu, kisha akamtumia mwenzake wa ofisini ajaribu kwenye mashine yake. Trojani za aina hiyo huchota maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokufanya uingie kwenye akaunti bila kuulizwa chochote, na kazi hiyo huimaliza kwa dakika chache. Alibadilisha neno lake la siri siku ileile, lakini alilibadilishia kwenye kompyuta ileile, na hakuvitoa vifaa vyote kwenye akaunti, hivyo mwizi akaendelea kusoma barua zake kwa siku mbili nyingine. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba maneno ya siri yabadilishwe kwenye kifaa kingine kilicho safi, na mteja afanye hivyo mwenyewe. Neno lako la siri sisi hatulihitaji.

Tukija kwenye bei, mteja huona tumebofya "futa" na kuuliza iweje abofyewe kwa elfu hamsini. Kufuta faili ni dakika moja. Kwanza mashine hutengwa na intaneti, diski hufunguliwa na kuchomekwa kwenye kompyuta yetu ya karakana inayotumia Linux badala ya Windows, nyaraka hunakiliwa, na diski yote hukaguliwa wakati trojani haina uwezo wa kuamka. Diski ya kuzunguka ya terabaiti moja hutukesha usiku kucha. Ikirudishwa mahali pake, tunafanya ukaguzi mwingine wa Defender, kinga ya Windows yenyewe, kabla Windows haijawaka, kisha tunatumia programu ya Autoruns kupitia kila kinachojiwasha chenyewe, huduma, kazi zilizopangiwa saa na viongezo vya kivinjari, na tunakagua mipangilio ya proksi (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishiwa) na ile orodha ya mambo ambayo kinga imeagizwa isiyakague. Kuna mashine iliyotuchosha siku mbili, kwa maana kila tulipolifuta faili lilizaliwa upya baada ya saa moja, mpaka tulipokuta kazi iliyopangwa kwa jina la sasisho la kisoma PDF, wakati mashine yenyewe haikuwa na kisoma PDF.

Njia ya mkato tunayoijua sana ni kupiga Windows mpya, yaani kuisakinisha upya, mtaani kwa elfu kumi na tano. Hatusemi ni kosa kila mara. Sisi wenyewe tunaipiga pale uchafu ulipozama mno. Tatizo ni kwamba mafundi wengi hufuta diski C peke yake na kuiacha D, sehemu ya pili ya diski hiyohiyo, ambako kreki iliyoleta balaa imehifadhiwa salama salimini, kisha wanaiwezesha Windows kwa kreki nyingine. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alipigiwa Windows kwa mtindo huo bila kuulizwa kama ana nyaraka; sura tatu za tasnifu yake zilikuwa kwenye Desktop, ambayo iko ndani ya C, na kwa kuwa diski ilikuwa SSD, ile isiyozunguka, iliyokwisha kusafisha nafasi zilizofutwa, hatukuokoa hata ukurasa mmoja. Alikuwa amekwepa kutulipa elfu thelathini na tano za ziada.

Mkituletea mashine, leteni na flashi zote mnazozitumia, hasa zilizopita steshenari kuchapisha, maana tunazikagua bila malipo. Dhamana yetu ni ya siku thelathini, na tulichokikuta tunakiandika kwenye risiti kwa jina la faili na mahali lilipokuwa.

Yule mteja wa kaunta tulimsafishia tena kwa nusu bei, tukamwekea LibreOffice, programu za ofisi zisizolipiwa, na fundi wetu akakaa naye saa nzima akimwonyesha jinsi ya kuingiza mahesabu yake humo. Alikubali kila kitu isipokuwa kufutiwa kreki iliyomo kwenye flashi yake. Tuliliandika hilo kwenye risiti, naye akatia saini.