Risala ya Chama cha Muziki na Maigizo kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Karibu Malindi, karibu shuleni kwetu. Utakachokiona baada ya risala hii ni opera, na neno hilo limetisha watu wengi kuliko mzuka uliomo ndani yake. Opera ni mchezo wa kuimbwa. Yetu ni ile ndogo: waimbaji watano, wapigaji sita, yaani udi mmoja wa nyuzi, fidla mbili, kinanda, ngoma ya dumbak na tari ya rika, katika ukumbi wa chakula ambao meza zake zimesukumwa pembeni.

Aliyetutia hamu ni Mwingereza Benjamin Britten. Mwaka 1954 opera yake, The Turn of the Screw, ilionyeshwa Venice kwa mara ya kwanza, ikiwa na wapigaji 13 tu. Hadithi aliitoa kwa Henry James, aliyeichapisha 1898: mwalimu wa kike anakwenda kulea watoto wawili katika nyumba ya mashambani, anaanza kuwaona wafu waliowahi kufanya kazi humo. Kitabuni wafu hao hawasemi, na msomaji habanduki na shaka: ni mizuka kweli, au ni mawazo ya yule bibi? Britten, na Myfanwy Piper aliyemwandikia maneno, wakawapa sauti ya kuimba. Sisi swali hilo lilitugombanisha wiki tatu.

Hadithi yenyewe hatukuichukua. Nyumba za mashambani za Uingereza tutazijulia wapi, na Gede iko hapo, mwendo wa matatu tu? Mji mzima wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, wenye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha watu wakahama. Wanahistoria wanataja mashambulizi, wanataja pia maji ya visima kuzidi kushuka. Wazee wanasema wenyewe wa zamani bado wanaulinda. Mimi nilipokuwa darasa la sita niliokota kigae pale, nikakirudisha siku ya pili, na zaidi ya hapo sisemi.

Tukashika kisima. Katika mchezo wetu kuna msichana mteka maji. Kila usiku kamba inapungua, naye anaunga leso kwa leso ili debe lifike chini, na huko chini kuna anayemuuliza, "Bado?"

Hapo Britten alitufaa sana. Ana tuni moja ya noti 12 inayorudi kati ya maonyesho yake 16, kila mara imegeuzwa kidogo, kama parafujo inayokazwa. Sisi tuna maonyesho saba, na tuni ya udi inashuka hatua moja kila kamba inaporefushwa. Onyesho la saba udi hauna tena pa kushukia. Mpigaji wetu analegeza uzi huku anapiga. Msikilize hapo, tafadhali.

Na mzuka? Mara ya kwanza tulimvika mvulana kanzu, tukampaka unga usoni. Kidato cha kwanza wakacheka mpaka wakakohoa. Tukamwondoa jukwaani, tukampa tangi tupu la maji aimbie ndani yake, nyuma ya pazia. Siku hiyo hakucheka mtu. Siku kumi kabla ya leo akabaleghe, sauti ikakwaruza, na sasa tangini yumo dada yake.

Kuna wazazi waliokuja kulalamika kwamba tunafundisha watoto kuita pepo. Walikuwa na haki ya kuuliza. Tuliwapa maneno yote wayasome, na ustadhi akafuta mistari miwili iliyokaribia maneno ya kupunga. Hakuna ubani humu, wala ngoma ya pepo. Ngoma ile ina wenyewe.

Mheshimiwa, udi utakaousikia ni wa kuazima, na kesho asubuhi unarudi kwa mwenyewe. Tunaomba utusaidie tupate wetu, pamoja na nyuzi za fidla. Ombi la pili ni zito zaidi: tuandikie barua Makumbusho ya Kitaifa, turuhusiwe kucheza Gede jioni moja. Tunajua tangu 2024 mahali pale pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hatutapigilia msumari, hatutaegemeza kitu ukutani, tutakaa nje ya magofu. Tangi tutalibeba wenyewe.

Taa zitazimwa sasa. Debe mtakalosikia likigonga ni la mafuta ya kupikia. Tulipewa na mama wa mahamri wa pale langoni, naye ameketi safu ya tatu.