Ameiita maiti mbele ya wateja

Anti shikamoo. Nakuandikia saa tisa usiku, umeme umekata tena feni imesimama, na usingizi wenyewe sina tangu juzi.

Mi nina kisteshenari changu huku Chikongola, Mtwara, natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi ya ajira, unazijua kazi zenyewe. Monita yangu ni ile ya mraba inchi 17, mwaka wa 11 huu tangu kaka aniletee, na aliileta ikiwa yuzdi. Asubuhi nikiwasha inapepesa wee inazima, narudia mara nne mara tano mpaka ipate moto ndo itulie. Wiki iliyopita ikagoma kabisa, giza, ila kitaa cha pawa kinawaka na ukimulika tochi ya simu kwenye kioo unayaona maandishi kwa mbaaali. Basi nikawa namchapia mzee mmoja barua ya shamba lake la mikorosho, mkono mmoja tochi mkono mmoja kibodi, baba watoto akaingia, akacheka, akasema hiyo maiti mnaimulika ya nini, si mkazike. Mbele ya wateja Anti.

Fundi kaifungua, kanionyesha kapasita mbili zimevimba kichwani kama maandazi, kubadilisha 15,000, ila kama zimekufa taa za ndani anasema nisijisumbue ninunue nyingine. Yuzdi ya Dar naambiwa 80,000, nauli ya mzigo mbali, na ikija kwenye buti la basi ikafika imepasuka nimlilie nani. Mpya nazo nyingi hazina lile tundu la bluu la kuchomekea waya wa VGA, na sipiyu yangu ina hilo hilo tu, ninunue na adapta tena.

Mi sio king'ang'anizi. Wala sio kwa kuwa kaka hayupo tena ndo siiachi, hapana, ni kitu tu, nikipata hela hata leo naitupa. Ingawa fundi alivyosema nimuuzie 10,000 atoe spea nilimnyang'anya mkononi, sijui hata kwa nini.

Na huyo anayesema maiti, hela ya korosho ilivyoingia msimu uliopita alinunua tivi inchi 43 aangalie mpira. Sikusema neno. Nilivyomwomba aniongezee hata nusu ya monita akasema ya nini, tengeneza. Leo natengeneza, maiti! Na wateja wamekaa pale kwenye benchi. Yule mzee aliniachia 500 ya juu akasema pole mwanangu, ndo nikaona aibu zaidi.

Saa hizi kuna ajira zimetangazwa, wiki yenyewe ya kula ndo hii, na watu wanapita wanaenda duka la pili. Kikoba tunavunja Jumamosi, changu kinafika 200,000 na baba watoto hajui kama ni nyingi hivyo. Nikinunua ataiona tu, ataniuliza hela nimetoa wapi. Nikitengeneza ikafa tena wiki ijayo atacheka tena. Naona bora nitengeneze. Au ninunue, ile ya kaka niiweke tu chumbani, haili kitu.

Sasa hiyo ya kikoba Anti, nimwambie au ninyamaze? Fundi anataka jibu kesho saa nne.