Winta yetu ya Kabale: barua kwa mdogo wangu aliye Winnipeg, Canada

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka Kabale. Marehemu mzee alitufundisha kwamba barua huanza na salamu, ikafuata hali, kisha dhumuni, na wewe ndiye uliyekuwa ukichapwa kwa kuruka salamu. Basi nimeshakusalimu. Hali ni njema, kuku wamebaki wanne, mama anakohoa kidogo lakini ni vumbi la kiangazi tu. Dhumuni ni ile sauti uliyotuma Jumapili kwenye kundi la ukoo.

Nilikuwa nimetuma picha ya vilima vikiwa vimezama kwenye ukungu, nikaandika kwamba huku tunaganda. Wewe ukacheka dakika nzima, ukasema hiyo si baridi, ni upepo wa friji iliyosahauliwa wazi, na kwamba Uganda haina winta. Wajomba wakacheka. Hata shangazi wa Jinja, asiyejibu chochote hata kikiwa cha msiba, akaweka kidole gumba. Umenisema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu.

Kwa namba sikuwezi. Wastani wa Januari huko kwenu ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri. Hapa Julai, usiku ukikaza sana, kipimo hushuka kwenye nyuzi 9 au 10 juu ya sifuri, na mchana kinapanda mpaka 23. Tukianza kushindana hivyo nitakuwa nimeshindwa kabla chai haijachemka.

Lakini winta tunayo. Unakumbuka Kayabwe? Mzee alipopewa uhamisho, basi lilisimama pale penye zile duara nyeupe za saruji kando ya barabara, ukaweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, ukagoma kupanda tena. Kutoka pale kuja Masaka, Mbarara, Ntungamo mpaka hapa, njia yote iko kusini mwa ikweta. Juni na Julai, jua likiwaelekea ninyi, sisi limetupa kisogo. Si kisogo kizima, maana tumevuka mstari kwa digrii moja na robo tu, lakini kwenye ramani haki ni haki. Watu wa pwani wana jina zuri la majira haya, kipupwe, na mimi ndilo ninalolitumia. Sokoni nikilisema hawanielewi. Hapa ukizungumza Kiswahili wanadhani wewe ni askari au Mkongo, na kwa kuwa tulizaliwa kambi ya jeshi, nusu yake ni kweli.

Haya, nikiri kwamba anayetupoza hasa ni mlima. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, Kampala ni kama 1,200, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungukiwa nyuzi sita hivi. Halafu kuna kiangazi chenyewe. Kuanzia Juni mvua zinakatika na usiku mawingu yanakuwa machache, kwa hiyo ardhi inaachia joto lake lote liende zake juu. Hewa iliyopoa ni nzito, inateremka vilimani taratibu na kulala bondeni, na sisi tumejenga hapohapo bondeni. Ndiyo maana saa moja asubuhi aliyeko kileleni anaanika nguo wakati mimi sioni choo changu kilipo.

Sasa nikueleze raha yake, maana hilo ndilo ulilokosea zaidi.

Asubuhi huanza kwa sauti. Ukungu unaficha kila kitu, kwa hiyo unasikia kwanza: kikohozi cha jirani, mlio wa boda ikigoma kuwaka, watoto wa shule wakikimbia ili wapate joto. Wenye boda wanavaa makoti nyuma mbele, kifungo mgongoni, upepo usiwaingie kifuani. Wauza viazi wanasalimiana "agandi" mikono ikiwa kwapani, hakuna anayeitoa. Kuoga ni pasipoti tu, uso na shingo, na mwenye kusema ameoga mwili mzima hatumwamini. Mama anakoroga uji wa mtama, wenyewe wanauita obushera, nao ukiwa wa moto huunywi mara moja. Unaushika kwanza. Kikombe kinapasha vidole, mvuke unapasha pua, na uji wenyewe unakuja mwisho.

Kwenye saa tatu, saa nne, ukungu unaanza kuchanika. Hapo mji mzima unahamia kwenye kuta zinazotazama mashariki. Fundi cherehani anasogeza mashine yake nje, wazee wanatoa viti, hata paka wa duka la vipuri anajua ukuta wake. Tunaota jua. Dakika ishirini hivi hakuna anayezungumza la maana. Unasikia joto likiingia kwenye mabega kama mtu anakuvisha shuka, na ikifika saa sita umebeba sweta mkononi unalalamika kwamba kuna joto. Wewe baridi yako inakaa miezi mitano kama mgeni asiyeaga. Yangu inaaga kila siku.

Mavazi tunayo, usituhurumie. Sokoni mitumba ya makoti inafunguliwa, na mwezi jana nimenunua moja nene, jeusi, lenye lebo ya Canada ndani na risiti ya maegesho mfukoni. Nimeitazama vizuri nikitafuta jina lako.

Kitu kimoja sicheki nacho ni sigiri. Kuna watu wanaiingiza chumbani usiku, wanafunga mlango na dirisha, wanalala na makaa yakiwaka. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na watu hawaamki. Yetu mama anaitoa nje kabla ya kusali, hata kama mimi ndio kwanza nimeanza kunyoosha miguu.

Zamani baridi hii ilikuwa pia ngao. Wazee wa hapa wanakumbuka Kigezi, eneo letu hili la vilima, ambayo mtu aliugua malaria kwa sababu ameteremka kwenda kwingine. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, malaria ikapanda vilima na kuangusha watu wengi ambao miili yao haikuizoea. Tangu hapo hata wenye mablanketi matatu wanalala kwenye chandarua.

Jumamosi nilikwenda ziwa Bunyonyi, ni boda ya dakika chache tu kuvuka kilima. Nilifika ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji na visiwa havionekani hata kimoja kati ya vile 29. Mwenye mtumbwi akaniambia nitie mkono majini. Yalikuwa na uvuguvugu kuliko hewa, kwa hiyo ziwa zima lilikuwa linafuka kama sufuria. Ziwa lile halina viboko wala mamba, lakini mimi sikuoga, niliishia mkono. Baadaye nikala kamba wa ziwani na viazi nikiwa nimegeuzia jua mgongo.

Desemba iliyopita ulinipigia saa kumi na nusu jioni ya kwenu, ukasema jua limezama na hukuliona, maana lilichomoza ukiwa tayari ndani ya ghala. Hukucheka siku ile. Sisi saa kumi na mbili za mwanga tunazo mwaka mzima, winta au si winta.

Njoo Julai ijayo. Najua ndiyo miezi yenu ya joto na utaniambia huwezi kuiacha ukafuata baridi, lakini utakuwa mtu wa kwanza kwenye ukoo kupata winta mbili kwa mwaka mmoja. Ukitaka theluji nenda Rwenzori peke yako, kilele cha Margherita ni mita 5,109, mimi nitakusubiri hapa na uji.

Naandika nikiwa barazani. Jua limeshafika kwenye magoti ya mama. Ameuliza ninamwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Anasema uje na soksi nzito za huko, zake zimetoboka visigino.

Dada yako