Somo yangu, uliniuliza utafiti huu wa nini

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Heidelberg, Ujerumani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ukimwona mama pale Chumbageni, mwambie salamu zake zimenifikia.

Siku ile kwenye simu uliniuliza: mtoto wa Tanga na mauaji ya Wayahudi na Waroma (wale ambao wengi huwaita "Gypsy") kule Ulaya, wapi na wapi? Nilikujibu juujuu, na jibu lile limenisumbua. Leo nimekaa kitako nikueleze.

Kuna mwanamke anaitwa Eva Justin. Alikuwa msaidizi wa daktari Robert Ritter, ambaye ofisi yake Berlin, wakati wa Wanazi, iliandika karibu hati 24,000 za kuamua nani ni Mroma, nani ni chotara. Justin alijifunza lugha yao. Alikaa nao, wakamzoea hata wakampa jina, Loli Tschai, msichana mwekundu, kwa sababu ya nywele zake. Wakati wa vita alikwenda Mulfingen, kusini mwa Ujerumani, kwenye makao ya watoto yaliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, akawachunguza watoto wa Kisinti, yaani Waroma wa Ujerumani, waliokuwa wametenganishwa na wazazi wao, ili aandike tasnifu yake ya uzamivu. Shahada akaipata. Tarehe 9 Mei 1944 watoto 39 walipandishwa basi, wakaambiwa wanakwenda matembezini. Walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wanne tu ndio waliopona. Justin naye baada ya vita akaajiriwa na idara ya afya ya jiji la Frankfurt, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Somo, niliposoma habari hii nilifunga kitabu nikatoka nje. Maana mimi pia naandika tasnifu. Mimi pia nilikuja hapa na nia ya kujifunza lugha ya watu ili waniamini. Mzee mmoja Msinti nilimwomba anifundishe maneno mawili matatu, akakataa kwa upole kabisa. Sikumwelewa. Sasa najua kwamba Wasinti wengi hadi leo hawamfundishi mgeni lugha yao, na sababu ni hiyo hiyo: mara ya mwisho walipoitoa, iligeuzwa mtego. Nasi tunaujua upimaji huo. Mafuvu ya wazee wetu yalibebwa kutoka Afrika Mashariki enzi ya Wajerumani, yakapangwa kwenye rafu Berlin yapimwe.

Lakini kuna utafiti mwingine, na huo ndio ulionirudisha mezani. Warsaw, Poland, ndani ya geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliwakusanya Wayahudi wenzake, wakawa wanakutana Jumamosi. Kundi lao wakaliita Oneg Shabbat, furaha ya Sabato. Waliokota kila kitu: insha za wanafunzi, tiketi za tramu, karatasi za peremende, ushahidi wa waliotoroka kambini. Walipoona kifo kimewafikia, waliyafukia yote kwenye masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Masanduku yalichimbuliwa Septemba 1946, madebe Desemba 1950. Katika watu wapatao 60 walionusurika ni watatu. Ringelblum mwenyewe aliuawa Machi 1944.

Na Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, Julai 1944, wafungwa wa Kipolandi waliiba daftari kuu la kambi ya Waroma, wakalifunga kwa nguo, wakalitia kwenye ndoo na kulifukia. Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti, Waroma zaidi ya 4,000 waliobaki katika kambi ile waliuawa kwa gesi. Ndoo ilichimbuliwa Januari 1949. Ndani mlikuwa na majina karibu 21,000, mengine yameliwa na maji. Hata watoto waliozaliwa humo kambini wamo, kila mmoja na namba yake inayoanza na Z, ya "Zigeuner", jina la Kijerumani la kuwadharau Waroma.

Nimekaa na nakala ya daftari lile siku nzima. Kuna ukurasa ambao jina la familia limefutika, limebaki la mtoto tu, na tarehe ya kuzaliwa. Nililigusa jina kwa kidole kama vile litanisikia.

Linaloniuma ni kwamba hata baada ya majina kupatikana, Waroma hawakusikilizwa. Mwaka 1956 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi ilisema kuwa kabla ya 1943 hawakuteswa kwa sababu ya asili yao. Nyaraka za ofisi ya Ritter ziliendelea kukaa mikononi mwa wasomi, mpaka Septemba 1981 Wasinti walipoingia wenyewe kwenye jengo la Chuo Kikuu cha Tübingen na kugoma kutoka hadi zihamishiwe hifadhi ya nyaraka za taifa. Serikali ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982.

Kwa hiyo nimebadilisha njia. Nimeacha kuomba lugha. Jumapili nilirudi kwa yule mzee bila daftari wala kinasa sauti, nikanywa chai yake. Yeye ndiye aliyeuliza: watu wako ni akina nani, wanaishi wapi, wamezikwa wapi? Nikamweleza habari za bibi na za bahari mpaka giza likaingia. Anataka kuiona. Nakuomba upite Raskazone asubuhi, maji yakiwa yamejaa, unipigie picha moja nzuri ya kumpelekea.

Nisalimie wote,
Somo yako