Kocha mwanajeshi si kelele na adhabu tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu makocha waliotoka jeshini iliniudhi kidogo. Mwandishi alimpa Jenerali Robert Neyland wa Marekani, kocha wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Tennessee, sentensi moja tu, eti alishinda kwa kuwa wachezaji walimwogopa kama kuruta anavyomwogopa sajenti. Kuogopwa aliogopwa, sibishi. Lakini hofu peke yake haiwezi kuwanyima wapinzani pointi msimu mzima.

Neyland alizaliwa Greenville, Texas, mwaka 1892, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1916, ambako alivuma kwa ndondi na besiboli pamoja na futiboli. Jeshi lilimweka kwenye kikosi cha wahandisi. Alitumikia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaongeza masomo ya uhandisi katika chuo cha MIT. Mwaka 1925, akiwa kapteni, alipelekwa Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Knoxville kufundisha wanafunzi sayansi ya kijeshi, na pembeni akawa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani. Mwaka uliofuata alikabidhiwa timu. Aliyemwajiri, Nathan Dougherty, naye mhandisi, alimtaka kwanza kabisa alipe deni la chuo cha Vanderbilt, majirani wa Nashville waliokuwa wakiichapa Tennessee miaka nenda miaka rudi.

Sasa, kwa wasioufuata mchezo ule: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Makocha wengi hung'ang'ania mpira hadi jaribio la nne. Neyland hakuona tabu kuamuru upigwe mbali kwa mguu mapema, hata kabla majaribio hayajaisha, ukaangukie huko nyuma karibu na mstari wa wapinzani wenyewe. Watazamaji wangeweza kudhani anautupa bure. Yeye alikuwa akipiga hesabu: anayeanzia mguuni pa lango lake ndiye mwenye kihoro, na akiuangusha mpira hapo, ameliwa. Kanuni ya kwanza aliyowakaririsha vijana wake ilikuwa kwamba timu inayokosea mara chache ndiyo hushinda. Hiyo ni akili ya mjenzi wa madaraja. Anatajwa pia miongoni mwa makocha wa mwanzo kutumia simu kuzungumza na msaidizi aliyekaa juu jukwaani, na kuchambua mechi kwa filamu. Hapo pana amri gani ya kufokewa?

Matokeo yake: mechi 216, ushindi 173, na katika mechi 112 kati ya hizo 216 wapinzani hawakupata kitu. Mwaka 1939 Tennessee ilicheza mechi 10 za msimu wa kawaida bila kuruhusu pointi hata moja, na hakuna timu kubwa ya chuo iliyorudia jambo hilo tangu hapo. (Kisha ikaenda Rose Bowl, mechi maarufu ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1940, ikafungwa 14–0 na USC, chuo cha California. Hesabu nazo hugoma.)

Makala haikugusa kabisa jinsi jeshi lilivyomvuruga. Mwaka 1935 alihamishiwa Panama, na timu ikapoteza mechi 5 kati ya 9. Akastaafu jeshi akiwa meja, akarudi uwanjani 1936. Mwaka 1941 akaitwa tena, na baadaye akawa Calcutta akishughulikia ugavi wa vita vya China, Burma na India. Huko Burma ndiko askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walikopigana mwaka 1944. Alitoka vitani na cheo cha brigedia jenerali. Mara hii, hata hivyo, timu haikuyumba: John Barnhill, aliyewahi kuwa mchezaji wake na msaidizi wake, alishika nafasi yake, akashinda mechi 32 na kupoteza 5. Kama siri ingekuwa kumwogopa Neyland, Barnhill angezipataje?

Alirejea 1946, akatwaa ubingwa wa taifa 1951, akaacha ukocha baada ya msimu wa 1952 na kubaki mkurugenzi wa michezo hadi alipofariki mwaka 1962. Uwanja wa chuo, ambao leo unaingiza watu zaidi ya 100,000, una jina lake.

Nina jambo moja zaidi, na hili si la kumtetea. Timu zake zote zilikuwa za wazungu watupu, katika jimbo lililojaa vijana weusi wenye vipaji. Lester McClain, mweusi wa kwanza kuichezea Tennessee futiboli, aliingia uwanjani mwaka 1968. Mkimwandikia tena Neyland, hizo rekodi na hilo la McClain viwe kwenye ukurasa mmoja.

Msomaji wenu,
Tanga